Nyaya Zilizopita Juu ya Nalengwe

Nalengwe, Nachingwea
20 Juni 1948

Mpwa wangu Shaibu,

Marahaba, hata kama shikamoo yako bado iko njiani. Nakujua, utaileta. Sisi wa huku ni wazima. Mama yako hajambo, anakusalimu, na anasema mkeo Ashura asikipuuze kile kikohozi, achemshe majani ya mpera. Mama yako mdogo Mwanamvua hajambo naye, ila amegombana na jirani kwa ajili ya kuku na sasa kila mmoja anapika ndani, mlango umefungwa. Mihogo imekubali na mikorosho mipya imeshika.

Ama baada ya salamu, nina habari itakayokufanya ufunge hiyo cherehani yako. Kampani ya karanga, ambayo najua mmeisikia huko Ruangwa kwa jinsi inavyong'oa misitu na matingatinga yake, ilikuwa inatafuta mahali pa kuweka mashine ya umeme. Mashine hiyo inakunywa maji, kwa hiyo haiwezi kukaa mbali na maji. Basi Bwana wao, yule mwenye kiko, akaja na jumbe na mkalimani mpaka kisimani kwetu chini ya kilima. Nikampa mahali. Usije ukasema nimeuza. Ardhi ya mama zetu haiuzwi, wala yeye hakuniuliza bei. Nimemkaribisha kama tunavyomkaribisha mgeni yeyote anayekuja kukaa kwetu. Mama yako, kwa kuwa ndiye mkubwa wa kina mama hapa, alitoa makaa jikoni kwake, akayatia katika kigae, akayapeleka mpaka kwenye uwanja wa mashine. Bwana alicheka sana. Akainama, akachukua kaa moja, akawashia kiko chake mbele ya watu wote.

Maana yake unaijua tangu utotoni. Mtu aliyepokea moto wetu hawezi kutunyima moto wake. Ndivyo walivyokaa hapa wote waliotukuta, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kinyume. Kabla ya mavuno ya mwakani Nalengwe itakuwa na taa za umeme, na mashine ya kusaga, na kina mama zako hawatagusa mchi tena. Nguzo ya kwanza nimeshaichagulia mahali, mbele ya mlango wa mama yako.

Sasa unangoja nini huko kwa wakwe zako? Njoo ujenge kwenu.

Mimi mjomba wako,
Kaimu bin Bashiri


Chinongwe, Ruangwa
2 Agosti 1948

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia kwa mkono wa Abdalah, yule mnunuzi wa ufuta, akiwa ameikunja ndani ya kofia yake, na jasho limekula mistari miwili. Ashura amepona na anakushukuru kwa majani ya mpera. Wakwe zangu hawajambo. Ufuta umekuwa mwingi mwaka huu hata hatuna pa kuuanika. Cherehani inakula uzi kila siku, maana kuna harusi tatu.

Ama baada ya salamu, nimefurahi kwa habari ya taa. Nimewasomea watu hapa barazani, na mmoja akaniambia, "Mjomba wako ni mtu mkubwa, Shaibu, anakaribisha mashine." Nikavimba kichwa kwa muda wa siku nzima. Lakini kuna jambo nataka kukuuliza kwa heshima. Huyo Bwana alitamka kwa kinywa chake kwamba ataleta taa Nalengwe? Mkalimani alimweleza maana ya makaa yale, au alimweleza tu kwamba mwanamke huyu ameleta moto?

Na mashine ikinywa maji ya kisima, mama atakunywa nini?

Kuhusu kuja kujenga, ngoja kwanza tupure ufuta.

Mpwa wako asiyekusahau,
Shaibu


Nalengwe
11 Desemba 1948

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua imeanza vizuri na sisi hatujambo. Mwanamvua na jirani wamepatana, kwa sababu kuku mwenyewe ameliwa na kicheche.

Mashine imeanza! Mlio wake unaanza alfajiri, na tumeuzoea haraka kuliko nilivyodhani, ila mama yako anasema kuku wake hawatagi. Maji yanaingia kwa bomba moja yakiwa baridi na kutoka kwa bomba jingine yakiwa ya moto. Ungewaona kina mama! Wanafulia hapo, wanaogeshea watoto hapo, wanacheka mpaka wanasahau kurudi nyumbani. Mama yako amesema hajawahi kuoga maji ya moto bila kukata kuni tangu azaliwe. Nikamwambia huo ni mwanzo tu. Na mafuta ya kulishia mashine yanakuja yenyewe ndani ya bomba refu kutoka pwani, wala hakuna anayeyabeba.

Nguzo zimesimikwa. Moja imesimama mbele ya mlango wa mama yako, pale pale nilipopachagua, wala sikumwambia mtu. Bahati gani hiyo! Nyaya zimepita juu ya paa lake kwenda kwenye nyumba za Wazungu na hospitali na kile kilabu chao. Kwao taa zimekwisha kuwaka. Kwetu bado wanafunga vyombo, nadhani. Mama yako anafagia kuizunguka nguzo kila asubuhi na amekataza mbuzi asifungwe hapo.

Mkalimani uliyemuulizia amekwisha hamishwa. Maswali yako ni ya mtu aliyesoma sana. Bwana aliwashia kiko. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Mjomba wako,
Kaimu


Chinongwe
27 Februari 1949

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi ni wazima, ila mtoto wetu wa pili hakukaa. Mungu alimtoa na Mungu amemchukua. Ashura ameanza kula. Nakuomba umwambie mama taratibu, usimwambie akiwa amesimama.

Ama baada ya salamu. Abdalah amepita Nalengwe mwezi uliopita, na amenieleza mambo ambayo hayamo katika barua yako. Anasema maji yale ya moto yana mafuta juu yake, yanang'aa rangi rangi, na kina mama hawafulii tena hapo kwa sababu nguo zinatoka na harufu. Anasema kisimani maji yamebaki ya kuteka kwa kata, na asubuhi nzima inakwisha kwa kungoja. Anasema alimkuta mama njiani na mtungi, mbali sana, karibu na njia ya Kilimarondo. Alipomsalimu, mama akaketi chini kwanza ndipo akaitikia.

Mjomba, hukuniandikia haya. Sikulaumu. Lakini mimi nina nafasi hapa. Nyumba ya nyuma iko tupu na mto hauko mbali. Naomba ruhusa yako nije nimchukue mama akae kwangu mpaka mambo ya maji yatengemae. Mwanamvua naye akitaka, aje.

Naandika haya nikiwa nimepiga magoti.

Shaibu


Nalengwe
30 Machi 1949

Shaibu,

Pole kwa mtoto. Nimemwambia mama yako akiwa ameketi. Amelia, kisha akaenda kupalilia.

Abdalah ni mnunuzi wa ufuta. Akipima mambo ya watu hupima kama anavyopima ufuta. Maji yamepungua kidogo, basi. Kila mwaka hupungua.

Hilo jingine unaloliomba silisikii. Wewe ni mtoto wa dada yangu, unajua mimi ni nani hapa. Sikuachiwa mali. Niliachiwa dada zangu na watoto wao, hiyo ndiyo mbumba yangu, na kazi yangu duniani ni kuwaweka pamoja mahali penye maji na chakula. Mwanamume akianza kumchukua mama yake, na mwingine akamchukua wake, mbumba imekwisha na mjomba amekuwa mzee anayekaa na majivu. Unataka watu waseme Kaimu alitoa kisima cha mama zake akashindwa kuwatunza? Ngoja taa zije. Taa zikija, mashine ya kusaga ikija, hakuna atakayetaka kuondoka, hata wewe utarudi unakimbia.

Kama unataka kunisaidia, una kalamu nzuri. Waandikie Kampani. Waeleze habari ya makaa kwa Kiswahili cha ofisini. Pengine wamesahau tu, watu wana mambo mengi.

Kaimu


Chinongwe
18 Juni 1949

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Wote hatujambo. Ashura anakuletea kipande cha kanga kwa mkono wa Abdalah, ni cha mama. Usimwonyeshe Mwanamvua kabla chake hakijafika, nakishona.

Niliandika kama ulivyoniagiza. Niliandika mara mbili, maana ya kwanza haikujibiwa. Nilieleza kisima ni cha nani, nikaeleza desturi ya moto, nikaeleza kwamba Bwana mwenye kiko alikubali mbele ya watu. Nikaomba taa kwa nyumba za Nalengwe, na kama taa ni ngumu, basi mashine ya kusaga, na kama hiyo nayo ni ngumu, basi bomba moja la maji safi. Unaona nilivyoshuka ngazi.

Jibu limekuja, fupi. Bwana anashukuru kwa salamu za wazee. Umeme ni kwa kazi za Kampani, na vijiji havimo katika mpango wa sasa. Habari ya makubaliano na wazee wa Nalengwe haijulikani ofisini. Bwana mwenye kiko amekwenda kwao Ulaya na harudi. Aliyepo sasa ni mwingine, na huyo hakuwashia kitu chochote.

Mjomba, niseme lililo moyoni? Sidhani walitudanganya. Nadhani yule mtu alikuwa na kiko kilichozimika, akaona moto. Kwa hilo nasikia uchungu zaidi kuliko kama angetudanganya, maana mwongo unaweza kumshika ukamshitaki. Huyu nitamshitaki kwa kosa gani?

Ombi langu la kumchukua mama bado liko pale pale. Sikulirudisha mfukoni.

Mpwa wako,
Shaibu


Nalengwe
23 Oktoba 1949

Mpwa wangu,

Marahaba. Kiangazi ni kikali. Mama yako hajambo, tumbo linamsumbua kidogo. Mwanamvua na watoto wake wamekwenda Kilimarondo kulima huko, kuna maji. Kuna na tembo pia, wanakula mtama, lakini amesema afadhali tembo. Amekwenda kwa muda.

Sasa sikiliza, maana utacheka. Mkubwa mmoja kutoka Dar es Salaam alikuja kuitazama Kampani. Asubuhi ya siku hiyo fundi alikuja mbio, akapanda nguzo ya mama yako, akashusha waya na kuning'iniza taa. Taa ya umeme, Shaibu, mbele ya mlango! Nilisema, barua ya mpwa wangu imefanya kazi. Nilituma watu wapige mbiu. Mama yako akaoga maji yote yaliyokuwa mtungini, akajifunga ile kanga ya Ashura, akaketi kwenye kiti chini ya nguzo na uso ameupaka mafuta.

Mkubwa akaja saa saba mchana, jua liko utosini. Fundi akawasha. Watu wakainua nyuso. Shaibu, hapakuwa na mtu aliyeona kitu! Jua lile, utaona taa gani? Mkubwa akapiga makofi, nasi tukapiga. Wakampiga mama yako picha. Akaniuliza pole pole, "Kaimu, inawaka?" Nikamwambia inawaka. Akauliza tena. Nikapanda juu ya kinu, nikakinga jua kwa mkono, nikachungulia, nikaona kauzi kadogo kekundu ndani. Nikamwambia tena, inawaka, dada.

Motokaa za wageni zilipoondoka, fundi akapanda akaitoa taa na kuitia mfukoni. Akasema, "Mzee, unisamehe, nimeagizwa niirudishe stoo." Ni kijana mzuri, anatoka Masasi, aliona haya kweli kweli. Mama yako akabaki ameketi pale na kanga yake mpaka watu wakaisha.

Nimeandika nikidhani nitacheka, lakini sikucheka.

Kaimu


Nalengwe
8 Januari 1950

Shaibu,

Njoo umchukue mama yako.

Mimi,
Kaimu


Chinongwe
16 Aprili 1950

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Tumefika salama, siku tatu njiani kwa sababu ya matope, na mama nilimbeba sehemu kubwa kwa baiskeli. Samahani kwa kuchelewa kwangu kuja. Barua yako ya Januari ilifika mikononi mwangu mwezi wa tatu, Abdalah alikuwa mgonjwa nayo ikalala chini ya mto wake. Uliponiona naingia uwanjani nilitaka kukuambia hivyo, lakini ulikuwa umeshika jembe, ukasema tu, "Umekuja," na ukarudi shambani. Mpaka tunaondoka hukutoka. Nilimwambia mama kwamba unakimbizana na palizi kabla mvua haijarudi. Akasema, "Analia. Mwache."

Hapa anaendelea vizuri. Anakula uji asubuhi na jioni. Ashura anamtunza kama mama yake aliyemzaa. Tatizo lake ni moja, kila jioni ananiuliza kama taa zimekwisha kuwaka kwenu, maana anataka kurudi. Sikumtoa Nalengwe moyoni mwake, Mjomba, nimemtoa miguu tu. Hapa anajiita mgeni. Ameomba ruhusa kwa mama mkwe wangu kabla ya kuota moto.

Nimekuwekea kiwanja kando ya nyumba yake. Nimekifyeka. Usikasirike, njoo. Huwezi kuilinda mbumba kwa kubaki peke yako mahali ambapo mbumba haipo.

Shaibu


Nalengwe
29 Septemba 1950

Mpwa wangu,

Marahaba, na nimshukuru Ashura mara elfu. Mimi ni mzima. Nimejifunza kupika, na ugali wangu hata mbwa wa jirani anauogopa.

Mashine inapumzika siku nyingine. Wanasema ni matengenezo. Matingatinga mengi yamepakiwa kwenye treni, labda yanakwenda kutengenezwa nayo. Karanga hazikuota kama walivyotarajia, udongo wetu umekuwa mgumu kwao, sijui kwa nini hawakutuuliza. Wazungu wamepungua kilabuni. Taa zao naziona chache chache.

Usimweleze mama yako haya. Mwambie tu kwamba nguzo yake ipo, naifagilia.

Kiwanja chako nimekisikia. Lakini nikiondoka mimi, nani atakuwepo hapa siku wakileta taa? Watakuta nyumba tupu na watasema hatuzitaki. Ninajua unavyonifikiria. Hata mimi najifikiria hivyo, hasa wakati wa kula. Lakini nilitoa kitu ambacho si changu, Shaibu. Kisima kile walikichimba wanawake waliokufa kabla ya bibi yangu. Naanzaje kuondoka mikono mitupu?

Mama yako anakula? Niandikie kweli.

Kaimu


Chinongwe, Ruangwa
2 Machi 1951

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza.

Mama ametutoka Alhamisi ya juma lililopita, alasiri. Sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Siku ile ile nilimtuma Abdalah kwa miguu aje akuambie kwa mdomo, kama inavyopasa, kwa maana habari hii haistahili kuja kwa karatasi. Amerudi jana. Mto umejaa, umechukua na daraja, na nusura umchukue yeye. Hakuna anayevuka. Nimeandika barua hii kwa sababu mikono yangu haina kazi nyingine. Itakaa kwa Abdalah mpaka maji yapungue, na siku itakapokufikia utakuwa umekwisha kula na kucheka siku nyingi bila kujua. Nisamehe kwa hilo, sina la kufanya.

Ulinitaka nikuandikie kweli. Mwezi wa kumi na moja nilikuandikia kwamba anakula vizuri. Hakuwa anakula. Aliniambia yeye mwenyewe, "Usimwambie Kaimu, ataacha nyumba aje, halafu taa zitakuja asiwepo." Niliona nimtii mama. Na wewe ulinificha kwamba mashine imekufa. Tulijua hapa, Mjomba, watu walioachishwa kazi walipita wakirudi kwao. Nami nikamficha mama. Hivyo ndivyo tulivyokaa mwaka mzima, kila mmoja anamhifadhi mwenzake.

Tumemzika kwenye makaburi ya wakwe zangu. Watu walikuwa wengi na walimheshimu, lakini hapakuwa na mtu wa ukoo wake pale isipokuwa mimi. Sikuwa na uwezo wa kumleta kwenu. Nilisimama nikamwomba radhi kwa sauti, watu wakanitazama.

Siku za mwisho hakutaja taa hata mara moja. Alikuwa anataka maji ya kisima cha Nalengwe. Ashura akimletea ya mto anaonja, anasema siyo. Nikamwambia, mama, kisima kimekauka, hakipo. Akaniambia, "Kaulize."

Mpwa wako,
Shaibu


Nalengwe, Nachingwea
9 Machi 1951

Mpwa wangu Shaibu,

Marahaba, marahaba tena! Sina barua yako tangu ile ya kabla ya mvua, uliposema mama yako anakula vizuri. Nimeisoma mpaka imechakaa. Najua njia zimeharibika. Hii naipeleka kwa lori linalokwenda Lindi, na huko nina mtu atakayeipandisha Ruangwa, maana siwezi kungoja mto.

Mimi ni mzima. Mwanamvua amerudi kutoka Kilimarondo na watoto wote, na ameshapata jirani wa kugombana naye. Mtama umefika kifuani.

Nilikuficha jambo, sasa nalisema. Mashine imekufa. Kampani imefunga kazi yake ya hapa, wameing'oa na kuipakia, imebaki nyumba ya mabati na sakafu yenye mafuta. Taa za Wazungu nazo zimezimika, kwa hiyo sasa tuko sawa. Nyaya wamezikunja. Nguzo wameacha, na hiyo ya mama yako nimeikata leo asubuhi kwa mikono yangu, inafaa kuwa boriti.

Siku walipoondoka sikulala vizuri. Nilifikiri mwisho wa mambo yangu yote umefika, kisima hakuna na taa hakuna. Niliona haya hata kukuandikia. Kisha mvua zikaja, na hakuna kitu kinachonyonya chini tena. Shaibu, maji yamerudi! Mwanzo yalikuja na mafuta, tukayachota na kuyamwaga, tukayachota na kuyamwaga, mimi na Mwanamvua na kila mwenye ndoo. Juzi yakatoka meupe. Nimeyanywa mwenyewe kwanza kabla sijamruhusu mtu, nikangoja, tumbo halikuuma. Ni yale yale. Nililia mbele ya watoto wa Mwanamvua na sioni aibu kukuambia.

Taa sizitaki tena. Asiniulize mtu habari za taa. Nilidhani ndizo zitakazowaweka dada zangu pamoja, kumbe walikuwa pamoja siku zote na mimi ndiye niliyetoa kilichowaweka.

Basi mlete mama yako. Mto ukipungua tu, usingoje jua likaushe njia. Kama hawezi baiskeli, mbebeni kwa machela, nitawalipa vijana kwa mtama. Nimemwezekea upya nyumba yake na nimempigia sakafu ya udongo mwekundu anaoupenda. Usimwambie kwa nini anakuja, nataka aone mwenyewe. Mwambie tu kaka yake anamwita nyumbani.

Mwanamvua amekwisha kumtekea mtungi, na kila asubuhi anaumwaga na kuteka mwingine, ili atakapofika akute maji ya siku hiyo.

Mimi mjomba wako, ninayetazama njia,
Kaimu bin Bashiri